Kujishonea pedi za kufua nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejibu hapa ni fundi cherehani anayewafundisha kina mama na mabinti kushona pedi za kufua. Vipimo vyote ni vya sentimita, na vitambaa ni vile vinavyopatikana madukani na kwenye mitumba kwetu Tanzania. Maswali ya afya nimeyajibu kwa kadiri ya fundi; yanayozidi hapo ni ya muuguzi na daktari.

Sijawahi kugusa cherehani. Nitaweza?

Utaweza. Pedi ni kazi ndogo kuliko foronya, na inashoneka kwa mkono jioni moja au mbili. Ila ukishona kwa mkono usiishie kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatangulia, inarudi nusu hatua, inatangulia tena. Bandi itaachia baada ya kufua mara chache, nawe utabaki na matambara yanayotembea ndani ya chupi.

Nimeona pedi za aina nyingi. Nianze na ipi?

Kwa ujumla ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kipande kimoja: tabaka zote zimeshonewa humo humo, ina mabawa mawili na kifungo, unaivaa na kuifua nzima. Ya pili ina sehemu mbili: kibebeo chembamba chenye mabawa, na leso ya kunyonya inayokunjwa mara tatu na kuchomekwa juu yake.

Ya kipande kimoja ndiyo inayopendeza kwenye picha, na ndiyo watu wengi huniomba niwafundishe. Mimi nawapeleka kwenye ya sehemu mbili. Sababu ni moja tu, kukauka. Tabaka sita zilizoshonewa pamoja na kuzungushiwa kitambaa kisichopitisha maji hukauka nje zikabaki mbichi katikati. Wakati wa masika, hasa kwetu ukanda wa pwani ambako hewa yenyewe ina unyevu, pedi ya namna hiyo inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili. Leso unaifungua, inabaki tabaka mbili, inakauka kama leso nyingine yoyote. Harufu na muwasho unaosikia watu wakilalamikia pedi za kufua huanzia hapo, kwenye kitambaa kilichovaliwa kikiwa hakijakauka sawasawa. Kwa hiyo unapochagua aina ya pedi, fikiria kwanza kamba yako ya kuanikia.

Faida nyingine ni kwamba kibebeo kimoja kinaweza kukaa mwilini kutwa nzima huku ukibadilisha leso tu, mradi hakijalowa.

Nitumie kitambaa gani?

Hapa usiwe na haraka, maana kitambaa kibaya hakiokolewi na mshono mzuri.

Kwa leso unatafuta pamba inayokunywa. Bora kuliko zote ni flaneli ya pamba, ile yenye manyoya mafupi inayoshonewa nguo na shuka za watoto wachanga. Mpya inapatikana kwenye maduka ya vitambaa, Kariakoo na kwingineko, lakini mimi napenda zaidi shuka za flaneli za mitumba: zimeshafuliwa mara nyingi, zimeshajikunja zilivyotaka kujikunja, na shuka moja inatoa leso nyingi kuliko utakazohitaji. Taulo kuukuu ni nzuri kwa tabaka moja, ila ukiweka mbili leso inakuwa nene na utaona ukivaa suruali. Fulana za pamba zinafaa pia, lakini zinavutika, kwa hiyo zikate taratibu na usizivute unaposhona.

Usimwamini muuzaji anayesema "pamba tupu hii, dada". Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni mwa kitambaa, ziweke kwenye sahani, ziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyochomwa. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona kidonge, hicho si kitambaa cha leso. Jaribio la pili ni la maji: dondosha tone moja juu ya kitambaa. Likizama papo hapo, vizuri. Likikaa juu kama lulu, ama ni poliesta ama kina dawa ya kiwandani, na dawa hiyo huisha ukikifua mara mbili au tatu kwa maji ya moto na sabuni.

Kwa kibebeo tumia pamba iliyoshikana, mfano kitenge chepesi cha pamba au shuka. Chagua rangi iliyokolea yenye maua mengi, si kwa urembo tu, maana madoa hayaonekani.

Tabaka la kuzuia kuvuja ndilo linalowasumbua wengi. Kuna kitambaa kinachoitwa PUL, cha poliesta kilichopakwa upande mmoja utando unaozuia maji lakini unapitisha hewa kidogo. Ndicho kinachotumika kwenye nepi za kufua. Madukani kwetu ni adimu, ingawa waagizaji wa mtandaoni wanacho. Usipokipata, kitambaa cha mwamvuli uliovunjika au cha koti la mvua la mitumba kinafanya kazi, mradi ukijaribu kwanza: kitengeneze bakuli mkononi, mimina maji kidogo, subiri dakika tano uone kama chini panalowa. Mpira mzito wa kutandika kitandani, ule ambao wajawazito hununua kwa ajili ya kujifungua, sikushauri. Unazuia maji kweli, lakini unatia joto na jasho, na joto letu tayari linatosha. Mfuko wa plastiki, hapana kabisa. Utapiga kelele ukitembea na utapasuka ukifuliwa.

Kanga yangu kuukuu je?

Inafaa sana. Kanga mpya ina ugumu wa kiwandani, lakini iliyofuliwa miaka miwili mitatu inakunywa vizuri na ni laini mwilini. Bibi zetu walitumia hiyo hiyo, vipande vilivyokunjwa na kuzuiwa kwa kamba kiunoni. Kwa kuwa ni nyembamba, shona leso ya tabaka nne badala ya mbili. Ukiinua kanga dhidi ya mwanga ukaona imekuwa kama chandarua, iache, itakuchanikia.

Tabaka ngapi zinatosha?

Wanawake wengi hutoa damu kiasi cha mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Hushangaza watu, kwa sababu kwenye kitambaa huonekana nyingi zaidi. Leso ya flaneli ya tabaka mbili ikikunjwa mara tatu inakupa tabaka sita, na kwa siku za kawaida hizo zinatosha. Kwa siku ya pili, ambayo kwa wengi ndiyo nzito, chomeka leso mbili.

Nipe vipimo.

Chora patani, yaani umbo la kukatia, kwenye boksi la biskuti au karatasi ngumu, usichore moja kwa moja kwenye kitambaa.

Kibebeo: mwili wake ni mstatili wa urefu wa 26 na upana wa 8.5, ncha zote mbili ukizizungusha kidogo. Katikati, kila upande, ongeza bawa linalotokeza 5.5. Bawa lianze na upana wa 9 pale linaposhikana na mwili, lipungue hadi 5 kwenye ncha. Ukipima kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili unapata 19.5. Patani hii tayari ina nafasi ya mshono ya 0.75 kila upande, kwa hiyo pedi iliyokamilika itakuwa na urefu wa 24.5 na upana wa 7.

Kwa kila kibebeo kata vipande viwili vya pamba, kimoja cha kuzuia maji, na mifuko miwili ya ncha, ambamo leso inachomekwa. Mfuko unaupata kwa kulaza ncha ya patani kwenye kitambaa na kukata urefu wa 8.

Leso: mstatili wa 24 kwa 21, vipande viwili. Ikishashonwa inabaki 22.5 kwa 19.5, na ukiikunja mara tatu unapata upana wa 6.5, inaingia kwenye kibebeo bila kubanwa.

Kama wewe ni mnene au unataka ya usiku, ongeza 6 kwenye urefu wa kibebeo, zote upande wa nyuma, na 6 kwenye urefu wa leso. Upana usiguse. Wengi hudhani pedi pana ndiyo salama, kumbe pedi pana hujikunja katikati ya mapaja na kuvujia pembeni.

Flaneli yenye upana wa mita moja na nusu, ukichukua sentimita 75 tu, inakupa leso 10. Nusu mita ya kitenge inatosha vibebeo vinne pamoja na mifuko yake.

Nishone vipi, hatua kwa hatua?

Kabla ya yote, fua vitambaa vyote, vianike, vipige pasi. Pamba hujikunja inapofuliwa mara ya kwanza, na ukiishona ikiwa mbichi toka dukani itajikunja ikiwa pedi, ikavuta mshono, ikawa kama kiganja kilichofumbwa.

Anza na mifuko. Pinda ule ukingo ulionyooka, sentimita moja, upige mshono. Sasa panga. Tandaza kipande cha juu cha kibebeo mezani, uso (upande mzuri wa kitambaa) ukikutazama. Weka mifuko miwili kwenye ncha, nayo uso juu, kingo za mviringo zikilingana. Funika kwa kipande cha chini, uso ukitazama chini. Mwisho kabisa weka kitambaa cha kuzuia maji, ule upande wenye utando ukilalia kitambaa cha chini. Bana kwa pini, lakini pini zipite ndani ya ile 0.75 ya pembeni tu. Pini ikitoboa katikati imeshatoboa tabaka la kuzuia maji, na tundu hilo halizibiki. Vibanio vidogo vya nguo ni salama zaidi kuliko pini.

Shona kuzunguka ukiacha mlango wa sentimita 5 kwenye upande ulionyooka, usiwe kwenye bawa. Sindano namba 11 au 12 inatosha kwa kibebeo, namba 14 kwa leso ya taulo. Hatua ya mshono iwe milimita 2.5 hadi 3. Hatua fupi mno hutoboa kitambaa kama karatasi ya stempu. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba huoza haraka kwa kulowa na kukauka.

Kisha kuna jambo dogo ambalo wanafunzi wengi hulipita: pale bawa linapokutana na mwili kuna kona ya ndani. Ikate kwa ncha ya mkasi, ukikaribia mshono lakini usiuguse, ibaki kama milimita mbili. Usipokata, ukigeuza pedi kona zote nne zitakunjamana na hakuna pasi itakayozinyoosha. Mviringo wa ncha nao upunguze kingo.

Geuza kupitia mlango, sukuma kona kwa kijiti cha mshikaki upande usiochoma. Piga pasi ya moto mdogo juu ya pamba, kamwe si juu ya kitambaa cha kuzuia maji. Halafu pita na mshono mmoja kuzunguka pedi yote, milimita tatu au nne kutoka ukingoni, ukifunga mlango humo humo. Usipite katikati. Najua ule mshono wa maua katikati unavutia, ila kila tundu la sindano ni njia ya damu kuelekea nje.

Leso ni rahisi: vipande viwili uso kwa uso, shona, acha mlango, geuza, pita ukingoni. Kama fundi jirani ana ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo, mpe akuzungushie kingo, huhitaji kugeuza chochote.

Kifungo gani kizuri?

Vifungo vya kubonyeza, vya chuma au plastiki. Weka nusu moja upande wa juu wa bawa moja, na nusu ya pili upande wa chini wa bawa la pili, la sivyo hazitakutana zikikunjwa chini ya chupi. Umbali kati ya vifungo viwili, pedi ikiwa imetandazwa, uwe 14. Kwa chupi pana sana weka kifungo cha akiba sentimita moja nje zaidi.

Vifungo vya kawaida vya shati vinafaa ukiweza kutengeneza tundu zuri. Velkro iache. Inakwaruza mapaja, inanasa nyuzi ikifuliwa, na sauti yake chooni shuleni kila binti anaijua.

Nahitaji ngapi kwa hedhi moja?

Vibebeo vinne na leso 10 kwa anayefua kila siku. Anayefua siku moja moja aongeze leso zifike 15. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa.

Yangu inavuja pembeni. Tatizo nini?

Mara nyingi tatizo ni chupi. Chupi iliyolegea haiiweki pedi mwilini, na pedi isiyogusa mwili haina inachopokea. Vaa chupi ya pamba inayokushika. Kama chupi inakushika na bado inavuja, angalia leso: ukitumia kilainisha nguo kwenye kufua, kinaacha mafuta yanayozuia kitambaa kisinyonye. Acha kukitumia, zifue leso mara mbili kwa maji ya moto na sabuni zikiwa safi, zitarudi.

Na kama pedi yenye leso iliyokunjwa vizuri inalowa ndani ya saa moja, saa baada ya saa, au unatoa mabonge makubwa, au damu inapita siku saba, hilo si la cherehani. Nenda hospitali.

Nifue vipi zisibaki na madoa?

Maji baridi kwanza. Maji ya moto huipika damu ndani ya kitambaa, na doa lililopikwa halitoki. Loweka kwenye ndoo yenye mfuniko, maji baridi matupu au yenye chumvi kidogo, saa chache au usiku mmoja, usipitishe siku nzima. Mwaga, suuza, ndipo upake sabuni ya mche na kusugua kitambaa kwa kitambaa. Suuza mpaka maji yawe meupe na povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo inawasha.

Leso za pamba tupu unaweza kuzimwagia maji yaliyochemka baada ya damu yote kutoka. Vibebeo usivichemshe. Dawa ya kung'arisha yenye klorini inakula utando wa kuzuia maji na kudhoofisha pamba, kwa hiyo usizoee. Doa la kahawia lililobaki kwenye leso iliyofuliwa vizuri si uchafu.

Naishi nyumba ya kupanga, uwani kuna wanaume. Naona aibu kuanika.

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na sitajifanya halipo. Nimeona pedi zimeshonwa vizuri kabisa zikaanikwa chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya beseni chumbani. Hazikauki. Zinanuka, binti anawashwa, na lawama inaiangukia pedi.

Leso inasaidia kwa sababu ikifunguliwa haifanani na pedi. Ni kitambaa cha mraba, kinaweza kuwa cha jikoni, kinaweza kuwa cha mtoto. Ianike bila wasiwasi. Kibebeo ndicho chenye umbo linalojieleza, nacho ni chembamba, kinakauka haraka. Kianike kwenye kamba na utandike juu yake kanga nyepesi: jua linapenya, upepo unapita, macho hayaoni. Kanga ikiwa nzito au ikiwa mbichi, umeharibu. Jua lenyewe lina kazi mbili, kukausha na kusaidia kuua vijidudu, kwa hiyo kivuli cha chumbani si mbadala wake. Siku za mvua mfululizo, anika ndani penye dirisha, kisha maliza kwa pasi ya moto kwenye leso mpaka mvuke uache kutoka.

Kuna pia hofu ya kurogwa, kwamba mtu akiiona au kuichukua nguo yako ya hedhi atakufunga kizazi. Sina haja ya kubishana na imani ya mtu. Ninachojua ni kwamba kitambaa kibichi kinaumiza watu wengi kila mwezi, tena bila mchawi. Kama hofu ni kubwa, anika ukiwa nyumbani na uanue mwenyewe.

Kwetu maji ni ya kununua. Inawezekana kweli?

Inawezekana kwa hesabu. Maji ya kuloweka yawe kidogo, yafunike leso tu. Maji ya suuzo la mwisho yahifadhi, yatumie kulowekea za kesho. Ndoo moja ya lita 10 hutosha leso za siku moja ukienda hivyo. Lakini nisikudanganye: kama dumu la maji ni shida na huna pa kuanika, pedi za dukani ni salama kwako kuliko za kufua zisizofuliwa. Tumia za kufua likizo au msimu wa mvua maji yanapokuwa mengi, za dukani wakati mwingine. Hakuna aliyeapa kutumia aina moja.

Mimi ni matroni wa bweni. Wasichana wangu wazibebeje darasani?

Washonee kila mmoja kibegi cha zipu chenye bitana ya kitambaa cha mwamvuli, ukubwa wa daftari dogo, chenye sehemu mbili: safi huku, zilizotumika huku. Leso iliyotumika inakunjwa, upande wa damu ndani. Ila, mwalimu wangu, kabla ya kununua kitambaa angalia mambo mawili: choo chenye mlango unaofungika na maji, na kamba ya kuanikia iliyo juani ndani ya uzio wa wasichana. Bila hayo utagawa pedi nzuri na hazitatumika. Hakikisha pia kila binti ana chupi zisizopungua tatu. Wapo wenye moja, nao hawatakwambia.

Nalea binti yangu peke yangu, mimi ni baba. Ana miaka 11. Nianzie wapi?

Anza kabla hajavunja ungo, baba, si siku yenyewe. Kama kuna shangazi au bibi anayemwamini, mshirikishe, hiyo ni kazi yao tangu zamani. Lakini usimwachie shangazi kila kitu kisha ukanyamaza. Binti akiona wewe unaweza kutaja hedhi bila kugeuza uso, atakuomba sabuni bila kuogopa. Mnunulie kitambaa mshone pamoja. Patani ya mtoto punguza urefu uwe 22, na leso uipunguze iwe 20 kwa 21, upana ubaki ule ule.

Mimi ni Mwislamu. Leso iliyobaki na doa baada ya kufuliwa ni najisi?

Damu ya hedhi ni najisi na lazima iondolewe kwa maji. Ukishaifua vizuri, rangi iliyogoma kutoka haidhuru. Mafundisho yanajulikana kwamba maji yanatosha. Kwa undani wa madhehebu yako muulize ustadhati wako.

Naweza kuzitumia baada ya kujifungua?

Damu ya uzazi ni nyingi siku za mwanzo na inaweza kuendelea hadi wiki sita. Siku hizo za mwanzo, kidonda bado kibichi, pendelea pedi mpya za dukani. Baadaye leso zako zinafaa, zikiwa safi kabisa na zimekauka juani, ukibadilisha kila saa mbili hadi nne. Homa, harufu mbaya au damu inayojaza pedi ndani ya saa moja ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Zinaokoa pesa kweli?

Piga hesabu yako. Pakiti ya dukani kwa kawaida ina vipande 8 au 10 na bei yake huwa shilingi 2,000 hadi 3,000 hivi, kutegemea chapa na mahali ulipo. Ukitumia pakiti mbili kwa mwezi, ni shilingi 48,000 hadi 72,000 kwa mwaka. Nyumba yenye mama na mabinti wawili, zidisha mara tatu. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha, ikieleza kuwa bei kwa mnunuzi haikushuka. Wenzetu wa Kenya waliiondoa tangu 2004. Kwenye kanga kuukuu na shuka ya mitumba hayo yote hayakuhusu sana, na seti ikitunzwa hudumu miaka miwili au zaidi.

Nataka kushona za kuuza.

Kushona zako na kumuuzia mwingine ni mambo mawili. Ya kuuza inahitaji kitambaa kile kile kila mara, usafi wa chumba cha kazi, na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mjasiriamali mdogo huanzia ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wake, anapata barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Uganda ina kiwango chake cha pedi za kufua tangu 2017, namba US 1782, na wanunuzi wakubwa wa mipakani huuliza viwango hivi. Na tafadhali usiuze pedi bila karatasi ya maelezo ya kufua na kuanika, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Zikichakaa nizitupe wapi?

Leso ikiwa nyembamba, au harufu ikibaki hata baada ya kufua na jua, imemaliza kazi. Kibebeo nacho kikianza kubanduka utando, mwisho wake umefika. Usivitupe kwenye choo cha shimo: nguo haziozi haraka, zinajaza shimo na kuziba bomba la gari la kunyonya. Pamba ikate vipande ufukie. Kitambaa cha mwamvuli kiende na taka za kawaida, usikichome jikoni, moshi wake ni mbaya. Vifungo vitoe kwanza, vikiwa bado vinabana vinahamia kwenye kibebeo kipya.